Ndege za Mashambulizi Juu ya Bukavu: Kutoka T-28 hadi Sukhoi

Cimpunda imejengwa mlimani, katika komini ya Kadutu, upande wa Bukavu ambao wageni wanaolala kando ya Ziwa Kivu huuona kwa mbali tu. Nyumba zake nyingi ni za mbao na mabati, zimebanana ubavu kwa ubavu, na vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba aliyebeba mzigo kichwani humngoja mwenzake apite kwanza. Moto ukishika nyumba moja, safu nzima hutoa vyombo nje. Mvua ikizidi, udongo huteremka na kilicho juu yake. Mtu akiitazama Cimpunda kutoka angani haoni milango, haoni jiko la nani linafuka moshi wala nani analala wapi. Anaona mabati.

Naanza na mabati hayo kwa sababu historia ya ndege za kushambulia ardhini husimuliwa karibu siku zote kutoka upande wa rubani: kasi, mizinga, uzito wa mabomu. Mambo hayo ni ya kweli na nitayaeleza, maana asiyejua ndege hizo zilivyoundwa hawezi kuelewa kwa nini zilifanya zilivyofanya. Lakini kwa miaka sitini Bukavu imekuwa upande wa pili wa hesabu hiyo, upande wa chini. Na kila kizazi cha ndege kilichopita juu ya mji huu kilihitaji kitu ambacho hakuna kiwanda kinachokitengeneza: mtu aliye ardhini, anayeijua ardhi hiyo, wa kumwambia rubani huyu ni nani na yule ni nani.

Ndege ya kushambulia ardhini si ndugu wa ndege ya kupigana angani. Hii ya pili hutaka kasi na kwenda juu. Ile ya kwanza hudaiwa mambo yanayogombana yenyewe kwa yenyewe. Iende polepole, ili rubani apate nafasi ya kuona anachokipiga. Ishuke chini, ili asikose. Kisha ivumilie risasi, kwa sababu anayekwenda polepole tena chini hupigwa na kila mwenye bunduki. Wasovieti walijibu swali hilo katika Vita Kuu ya Pili kwa ndege ya Ilyushin Il-2, ambayo chuma chake cha kinga hakikubandikwa juu ya bodi, bali ndicho kilichokuwa bodi yenyewe kuanzia injini hadi kiti cha rubani. Ziliundwa zaidi ya 36,000. Hakuna ndege nyingine ya kivita iliyotengenezwa kwa wingi huo.

Baada ya vita hiyo, mataifa makubwa yaligeukia ndege za jeti za kasi. Vita vya makoloni na vya nchi changa vikaachiwa ndege za namna nyingine: ndege za shule. Ilichukuliwa ndege ya kufundishia marubani wapya, ikaongezewa injini yenye nguvu, ikafungiwa ndoano za mabomu chini ya mabawa, ikapelekwa vitani. Ilikuwa rahisi kununua, rahisi kutengeneza, na iliweza kutua kwenye kiwanja cha udongo. Tena ilikuwa na faida ya kisiasa, kwa sababu serikali iliyopewa ndege za mafunzo haikuonekana kama imepewa silaha. Karibu kila ndege iliyomwaga moto juu ya Bukavu katika karne ya 20 ilitoka katika ukoo huo wa ndege za shule.

Ya kwanza ilikuwa T-28. Kampuni ya North American Aviation ya Marekani iliirusha mara ya kwanza mwezi Septemba 1949. Mwanafunzi alikaa mbele, mwalimu nyuma, chini ya kifuniko kirefu cha kioo kilichowaonyesha pande zote. Toleo la mwanzo lilikuwa na injini ya nguvu za farasi 800. Matoleo ya baadaye yalipewa injini ya Wright Cyclone, silinda tisa zilizopangwa kwa duara, nguvu za farasi 1,425, na hapo ndipo ndege ya shule ilipoanza kuonekana kama kitu kingine. Wafaransa waliitumia Algeria kwa jina la Fennec. Wamarekani wakatengeneza T-28D: ndoano sita chini ya mabawa, bombomu za milimita 12.7, vichanja vya roketi za milimita 70, mabomu, na vipande vya chuma cha kinga kuzunguka viti. Kasi yake ya juu ilikuwa kama kilomita 550 kwa saa. Wakati wa kushambulia, rubani aliiinamisha pua, akapunguza kasi, akamwaga roketi zake, kisha akaivuta juu kabla mlima haujamkaribia.

Roketi hizo hazikuongozwa na chochote. Zikishatoka, zimetoka. Hutawanyika, na zilibuniwa zitawanyike, kwa sababu kazi yake ni kufunika eneo. Dhidi ya safu ya magari barabarani, hilo ni jambo moja. Dhidi ya mtaa, ni jambo jingine kabisa.

Mwaka 1964 uasi wa Simba ulienea mashariki mwa Kongo kwa kasi iliyowashangaza hata waasi wenyewe. Uvira ilianguka mwezi Mei. Wanajeshi wa serikali, wale wa Armée Nationale Congolaise, waliiacha miji mingi bila kupigana, kwa kuwa na wao waliamini kwamba dawa waliyopakwa Simba hugeuza risasi kuwa maji. Mwezi Juni ndege za T-28 zilianza kuonekana juu ya bonde la Ruzizi, na baadhi ya waliozirusha walikuwa raia wa Marekani. Washington ilikanusha kwanza, kisha ikalazimika kukubali. Tangu hapo viti vya ndege hizo walipewa Wakuba waliokimbia utawala wa Fidel Castro, watu wa shirika la ujasusi la CIA, ambao baadhi yao walikuwa wameshiriki katika jaribio lililoshindwa la kuivamia Kuba mwezi Aprili 1961. Mwezi huo huo wa Juni palipiganwa vita vya Kamanyola, kusini mwa Bukavu, ambavyo Mobutu, mkuu wa jeshi hilo, alivigeuza baadaye kuwa hadithi ya ushujaa wake mwenyewe.

Kisanga chenyewe kilifika Bukavu katikati ya Agosti. Kisangani, wakati huo ikiitwa Stanleyville, ilikuwa imeanguka tarehe 5 ya mwezi huo, na Simba wa Nicolas Olenga wakaja wakiamini kwamba mji mkuu wa Kivu nao utafunguka. Kanali Léonard Mulamba hakukimbia. Alikusanya askari waliokuwa tayari kubaki, akapigana kwa siku kadhaa, na T-28 zikampa msaada kutoka juu. Simba walirudishwa nyuma. Kwa jina alilolipata hapo, Mulamba alikuja kuwa waziri mkuu mwezi Novemba 1965, baada ya Mobutu kuchukua madaraka.

Watu huwa wanasema Bukavu ya 1964 iliokolewa na ndege. Mimi naona iliokolewa na Mulamba, na ndege ikawa mkono wake mrefu. Angalia mambo yalivyokuwa. Mji ulikuwa bado mikononi mwa serikali. Washambulizi walikuwa wakija kwa barabara zinazojulikana, wengi kwa pamoja. Palikuwa na kamanda ardhini anayejua watu wake wako wapi, na rubani aliyeruka juu yake siku hiyo hiyo. Tena Mkuba aliyekaa kwenye kiti cha T-28 hakuwa na hofu ya dawa, na askari waliomwona akishuka bila woga walipata sababu ya kutokimbia. Masharti yote ya kazi ya ndege hiyo yalitimia. Hayakutimia tena Bukavu kwa ukamilifu huo.

Mwaka uliofuata ndege za Wakuba hao zilihamia zaidi upande wa Ziwa Tanganyika na milima ya Fizi, ambako Ernesto Che Guevara alikuwa amevuka kutoka Kigoma mwezi Aprili 1965 kuwasaidia waasi. Huko iliongezeka B-26K, ndege ya injini mbili iliyofufuliwa kutoka mabaki ya Vita Kuu ya Pili katika karakana ya On Mark, California, ikiwa na bombomu nane kwenye pua. Wakuba wa Castro chini, Wakuba wa CIA juu, na kati yao wanakijiji wa Kibembe ambao hawakuwa wamemwalika yeyote.

Mwaka 1967 Bukavu iliona upande mwingine wa T-28.

Tarehe 5 Julai mamluki wa Kizungu na gendarmi wa Katanga waliokuwa wakilipwa na serikali waligeuka dhidi yake, Kisangani na kwingineko mashariki. Mmoja wa wakuu wao, Jean Schramme, Mbelgiji aliyekuwa na mashamba upande wa Punia, alitembea na kundi lake msituni kuelekea mashariki na kuiteka Bukavu mwanzoni mwa Agosti. Alikuwa na Wazungu zaidi ya 100 na Wakatanga mia kadhaa pamoja na familia zao. Akatoa siku kumi Mobutu akubali masharti yake. Mobutu hakukubali, akatuma jeshi, na ndege.

Bukavu ni mji wa ndimi za ardhi zinazoingia ziwani. Upande huo, penye majumba ya mawe yaliyojengwa wakati wa Wabelgiji, ndiko mamluki walikojichimbia. Jumba la ghorofa lenye ukuta mnene ni adui mgumu kwa roketi ya milimita 70. Injini ya Cyclone husikika mapema, na milima inayouzunguka mji humlazimisha rubani atumie njia chache za kuingia na kutoka, kwa hiyo aliye chini hupata muda wa kuingia ndani kabla ndege haijafika. Septemba mvua zikaanza. Mawingu ya mchana juu ya ziwa hushuka hadi kwenye vilele, na ndege isiyo na rada ya kuonea ardhi haina la kufanya ila kurudi. Na jambo kubwa kuliko yote: mtu wa kumwelekeza rubani hakuwa tena ndani ya mji. Alikuwa nje, akiutazama mji ule ule anaoutazama rubani, bila kujua zaidi yake.

Miezi karibu mitatu T-28 zilikuja na kwenda. Mji ulibomoka, maduka yakaporwa, raia wakatawanyika vijijini na ng'ambo ya Ruzizi. Schramme hakuondolewa na ndege. Aliondolewa na mashambulizi ya ardhini ya mwishoni mwa Oktoba, risasi zikiwa zimemwishia, na mwanzoni mwa Novemba watu wake walivuka daraja kuingia Cyangugu, Rwanda. Wazungu walirudishwa Ulaya mwaka 1968. Gendarmi wa Katanga walioahidiwa msamaha wakarudi Kongo, na wengi wao waliuawa. Bukavu ilibaki na kuta zilizotobolewa. Wanaoupenda mji huu wangepaswa kuwa na kumbukumbu iliyoandikwa ya nyumba gani ilipigwa siku gani, maana uharibifu wa 1967 ndio uliobadilisha sura ya katikati ya mji kwa kizazi kizima.

Mobutu alijifunza kwamba anahitaji ndege zake mwenyewe. Kuanzia 1969 alinunua Aermacchi MB-326 kutoka Italia, tena ndege ya shule, kazi ya mhandisi Ermanno Bazzocchi, iliyokuwa imeruka mara ya kwanza mwezi Desemba 1957. Toleo alilonunua lilikuwa na injini ya jeti ya Viper na ndoano sita za silaha. Zikaja na Mirage za Kifaransa katika miaka ya 1970, za kuonyesha zaidi kuliko za kutumia. Kisha fedha zikaliwa, vipuri vikaliwa, mafundi wakaacha kulipwa. Ndege haioni aibu kufa kimyakimya: mpira wa tairi hupasuka, majimaji ya breki huvuja, na kiti cha kumrusha rubani nje hupitwa na muda wake bila mtu kujali. Vita ilipofika mashariki mwaka 1996, jeshi la anga la Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, lilikuwa karibu jina tu.

Muungano wa waasi wa AFDL, wa Laurent-Désiré Kabila, uliichukua Bukavu mwishoni mwa Oktoba 1996. Mobutu, mgonjwa, alirudi kutoka Ulaya mwezi Desemba, na Januari serikali yake ikatangaza mashambulizi makubwa ya kuirudisha mashariki. Aliwaita mamluki tena. Aliyewekwa mbele yao alikuwa Christian Tavernier, Mbelgiji aliyepigana Kongo katika miaka ile ile ya 1960. Makao yao yalikuwa Kisangani. Pamoja nao walikuja Waserbia na ndege za J-21 Jastreb, zilizoundwa Mostar, Yugoslavia: kiti kimoja, bombomu tatu za milimita 12.7 kwenye pua, mabomu na roketi chini ya mabawa. Jastreb nayo ilitokana na ndege ya shule, Galeb, na injini yake ilikuwa ya ukoo ule ule wa Viper uliosukuma Aermacchi.

Jumatatu, tarehe 17 Februari 1997, ndege za serikali zililipiga bomu jiji la Bukavu. Siku hiyo hiyo zilipiga pia Shabunda na Walikale. Raia waliuawa, wengine wengi wakajeruhiwa. Wizara ya Ulinzi ya Zaire haikukanusha. Ilitangaza kwamba ni kazi yake, na kwamba itaendelea.

Hapa ndipo napenda msomaji asimame kidogo na kufanya hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayoeleza kilichotokea. Kutoka Kisangani hadi Bukavu ni zaidi ya kilomita 500 kwa mstari wa moja kwa moja, karibu zote juu ya msitu. Jeti ndogo inayobeba mabomu umbali huo hufika ikiwa na mafuta ya kupiga na kugeuka, haina ya kuzunguka na kutafuta. Ikiingia kwa kilomita 700 kwa saa, inakwenda karibu mita 200 kwa sekunde moja. Cimpunda yote, kutoka nyumba ya juu hadi ya chini, hupita chini ya bawa kabla mtu hajahesabu hadi kumi. Bomu la kilo 250, kipimo cha kawaida kwa ndege za aina hii, hutupa vipande vya chuma mamia ya mita. Ukuta wa mbao hauzuii kipande cha namna hiyo. Wala ukuta wa pili. Wala wa tatu. Mamluki aliyekuja kwa mkataba hajui kwamba Kadutu ni mahali ambapo mji mzima hununua chakula. Hakuna wa kumwambia kwa redio. Aliyeko ardhini ni adui, na wasio adui hawana redio.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 15 Machi, Kisangani ilianguka, na Jeshi la Wazungu, kama lilivyoitwa, likatawanyika. Mashambulizi ya Februari hayakuirudishia serikali hata mtaa mmoja.

Vita ya pili ilianza Agosti 1998, na Bukavu ikaingia mikononi mwa waasi wa RCD. Safari hii serikali ya Kinshasa, sasa ya Kabila aliyekuwa amemwondoa Mobutu, ndiyo iliyotuma ndege mashariki. Mwezi Mei 1999 mabomu yaliangushwa Goma na Uvira, raia kwa makumi wakafa. Ni katika vita hiyo ambapo serikali ilinunua, kutoka Georgia, ndege isiyo ya shule, iliyobuniwa tangu mwanzo kwa kushambulia ardhini.

Su-25 ilianza kama wazo la wahandisi wachache wa ofisi ya Sukhoi mwaka 1968, akiwemo Oleg Samoylovich, walioamini kwamba jeshi lao limesahau somo la Il-2. Ndege za wakati huo zilikuwa na kasi kiasi kwamba rubani hakuona lengo lake mpaka alipokwisha kulipita. Ndege yao iliruka mara ya kwanza tarehe 22 Februari 1975, ikiongozwa na Vladimir Ilyushin, mtoto wa Sergey Ilyushin aliyebuni Il-2. Baba alijenga ndege ya chuma kwa vita moja. Mwana akajaribu mrithi wake. Kiwanda kikuu kilikuwa Tbilisi, Georgia, na ndiyo sababu, Umoja wa Kisovieti ulipovunjika, Georgia ikawa na Su-25 za kuuza.

Kila kitu katika ndege hii kinasema kwamba walioijenga walitarajia ipigwe. Rubani hukaa ndani ya sanduku la titani iliyochomelewa, unene wake kati ya milimita 10 na 24. Matangi ya mafuta yamejazwa povu maalumu, yasilipuke yakitobolewa. Fimbo za chuma, si kamba, ndizo zinazopeleka amri za rubani kwenye mkia. Injini ni mbili, zimewekwa kila moja upande wake. Afghanistan, baada ya wapiganaji kupewa makombora ya Stinger mwaka 1986, ilionekana kwamba injini moja ikiwaka moto huiambukiza ya pili; wahandisi wakaweka bamba la chuma katikati, wakaongeza na vimulimuli vya moto vya kuyadanganya makombora. Injini hizo zinaweza hata kuchoma dizeli ya kawaida kwa safari chache, mafuta ya ndege yakikosekana.

Silaha zake ni za kutisha kwa namna ya moja kwa moja. Ndoano kumi, uzito wa zaidi ya tani nne: mabomu, vichanja vyenye roketi 20 za milimita 80 kila kimoja, makombora. Ubavuni mwa pua kuna mzinga wa mitutu miwili wa milimita 30, wenye risasi 250. Kwa mwendo wake wa kufyatua, ukishikilia kitufe, risasi zote zimekwisha kwa sekunde tano. Kwenye pua kuna kipimo cha leza, kinachopima umbali na kulionyesha kombora njia. Kinamsaidia rubani kulenga vizuri zaidi, basi. Hakimwambii chochote juu ya nani amelala chini ya mabati.

Wasovieti wenyewe walijua hilo. Afghanistan walikuwa wakituma pamoja na vikosi vya miguu mtu mwenye redio, kazi yake kuielekeza Su-25: jiwe lile, nyumba ile, mita mia kushoto. Ndege ilibuniwa kwa kudhani kwamba mtu huyo yupo. Mkataba wa kununua ndege haumleti. Lazima jeshi limfundishe, limlipe, na zaidi ya yote, watu wa mahali hapo wamwamini kiasi cha kumwambia ukweli.

Kongo ilinunua ndege kumi. Ajali zikapunguza idadi. Miaka ikapita kimya, mpaka waasi wa M23 waliporudi vitani kwa nguvu mwaka 2022, na Su-25 zikarudi angani juu ya Kivu ya Kaskazini. Tarehe 7 Novemba 2022 moja ilitua kwa muda mfupi kwenye uwanja wa Rubavu, ndani ya Rwanda, kisha ikaruka tena. Kinshasa ilisema ni makosa ya rubani. Tarehe 24 Januari 2023 Su-25 ilirushiwa kombora karibu na mpaka, watu wa Goma wakitazama na kupiga picha kwa simu. Kombora lililipuka, ndege ikaendelea kuruka, ikatua Goma huku ikiwaka, na zimamoto wakauzima moto. Rwanda ilisema imevuka mpaka. Kongo ikasema ilikuwa ndani ya anga yake. Kwa mtu aliyesoma historia ya bamba lile la chuma kati ya injini mbili, picha zile zilikuwa na maelezo yake. Wahandisi wale walikuwa wameifanya kazi yao vizuri sana miaka kama 35 kabla.

Kwa Kivu ya Kusini, jimbo la Bukavu, hata hivyo, kilichoamua mambo kilikuwa uwanja wa ndege wenyewe. Kavumu uko kilomita zipatazo 30 kaskazini mwa Bukavu, kwenye urefu wa mita zaidi ya 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapo ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani, kwa hiyo bawa linabeba kidogo na injini inasukuma kidogo. Ndege hudai njia ndefu zaidi ya kurukia au mzigo mdogo zaidi. Hata hivyo ndio uwanja pekee mkubwa wa jimbo. Jeshi la Kongo liliutumia kwa droni za CH-4 lilizonunua China. Goma ilipoanguka mwishoni mwa Januari 2025, Kavumu ulibaki mlango muhimu wa angani kwa serikali upande huu. M23 walitaja ndege zilizokuwa zikiruka kutoka hapo kuwa sababu ya kuutaka. Tarehe 14 Februari waliuchukua. Siku mbili baadaye walikuwa Bukavu mjini. Silaha zote za angani ambazo serikali ilikuwa nazo upande huu hazikuweza kulinda hata lami zilipokuwa zikirukia, kwa kuwa lami hulindwa na askari wa miguu, na askari wa miguu ndio waliokuwa wamesahauliwa kulipwa na kulishwa.

Droni imebadilisha hesabu, nayo inabadilisha pande zote mbili. CH-4 haina titani wala kiti. Ina mabawa ya mita 18, inakwenda polepole, na inaweza kukaa juu ya mahali pamoja kwa saa nyingi, jambo ambalo rubani wa T-28 au wa Jastreb hakuliota. Anayeiendesha ana muda wa kuona mtu akiingia mlangoni na kutoka. Kombora lake dogo lina uzito wa kilo 45, na baruti yake ni kidogo sana ukilinganisha na bomu la kilo 250. Likianguka Cimpunda, linabomoa nyumba chache mahali ambapo bomu lile lingefuta safu kadhaa. Watu wa Cimpunda wana haki ya kuiona tofauti hiyo kuwa kubwa.

Lakini kwa sababu ni dogo na rahisi, hurushwa mara nyingi zaidi, na kwa sababu hakuna rubani wa kupotea, uamuzi wa kulirusha hufanywa haraka zaidi. Mwendeshaji huona paa saa kumi na mbili mfululizo na kuamini kwamba sasa anaijua nyumba. Anachokijua ni nani ameingia. Kwamba aliyeingia ni mpangaji mpya, shemeji aliyekimbia vita Kalehe, au mpiganaji aliyelazimisha mlango, hilo linajulikana na mama wa nyumba ya pili, na mkuu wa avenue, na watoto wanaocheza kichochoroni. Jeshi lolote litakalorusha chochote juu ya mlima ule, la Kinshasa au la yeyote anayekaa Kavumu, litalazimika kuwauliza hao kwanza. Mpaka sasa hakuna lililowauliza.